Mapato na matumizi ya halmashauri miaka 10 mbele: mbinu 4 za kukadiria na ipi ichaguliwe

Bajeti ya halmashauri nchini Tanzania huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30, na Mpango wa Muda wa Kati wa Matumizi huongeza miaka miwili juu yake. Muda huo unatosha kupanga mafuta ya magari, posho za vikao na ukarabati wa madarasa mawili matatu. Hautoshi kujua kama soko jipya, kituo cha mabasi na vituo vya afya vilivyojengwa kwa fedha za Serikali Kuu vitakuwa na fedha ya matengenezo mwaka 2036. Hilo ndilo swali la uhimilivu: je, mapato yanayojirudia yatabeba matumizi yasiyokwepeka bila kurundika madeni ya wazabuni na watumishi?

Kwenye deni la Taifa swali hili lina utaratibu wake. Tathmini ya uhimilivu wa deni hutazama miaka 20 mbele na kupima kwa ukomo unaojulikana: thamani ya sasa ya deni lote isizidi asilimia 55 ya Pato la Taifa, na ya deni la nje isizidi asilimia 40. Ngazi ya halmashauri kazi humwangukia mweka hazina na ofisa mipango, wakiwa na jedwali la Excel na siku chache kabla ya Kamati ya Fedha kukaa. Kwa hiyo uchaguzi wa mbinu ni uchaguzi wa nini kifanyike kwa watu wawili na takwimu zilizopo.

Mbinu zinazotumika ni nne. Hizi hapa kwa pamoja, maelezo yanafuata.

| Mbinu | Inahitaji nini | Inaaminika hadi lini | Inaangukia wapi |
|---|---|---|---|
| Mwenendo wa nyuma | Jumla ya makusanyo ya miaka 5 au zaidi | Mwaka 1 hadi 2 | Sheria ikibadilika, au mapato ya mara moja yakichanganywa |
| Chanzo kwa chanzo | Wigo, kiwango na ulipaji wa kila chanzo | Miaka 5 hadi 10 | Wigo ukikisiwa mezani bila kuhesabiwa |
| Rigresheni | Takwimu za kila mwezi, angalau miezi 60 | Mwaka 1 hadi 2 | Takwimu chache, mfululizo uliokatika |
| Hali mbadala na majaribio ya mshtuko | Makisio ya msingi yaliyokwisha tengenezwa | Miaka 10 na zaidi | Mishtuko ikichaguliwa ili kuwafurahisha wakubwa |

Ya kwanza na ya tatu hutazama nyuma, ya pili hutazama kilichopo, ya nne huuliza "ikiwaje?". Kwa halmashauri za Dodoma na Singida uti wa mgongo uwe chanzo kwa chanzo, na juu yake hali mbadala. Mwenendo ubaki kuwa kipimo cha kukagulia tu. Rigresheni ni ya wachache.

Kabla ya mbinu yoyote, safisha takwimu

Toa makusanyo kwa mwezi na kwa kasma (kifungu cha bajeti), si jumla ya mwaka. Takwimu za karibuni zipo TAUSI, mfumo wa sasa wa kukusanya mapato ya halmashauri; za zamani zilikaa LGRCIS, mfumo uliotangulia, na majina ya vyanzo hayafanani sikuzote. Tengeneza kwanza jedwali la kuoanisha majina, la sivyo chanzo kimoja kitaonekana kimekufa na kingine kimezaliwa mwaka uleule. Kisha linganisha jumla na kilichoingia MUSE, mfumo wa malipo na hesabu za Serikali. Tofauti ndogo ni ya kawaida kwa sababu ya malipo ya siku za mwisho wa mwaka. Kubwa itafutiwe sababu kabla ya kuendelea.

Halafu gawa fedha yote mafungu manne: mapato ya ndani yanayojirudia, mapato lindwa, mapato ya mara moja, na ruzuku. Mapato lindwa, kama malipo ya papo kwa papo na ya bima katika vituo vya afya, yanahesabika kuwa ya ndani lakini hayawezi kununua dizeli ya greda. Yakibaki ndani ya jumla, halmashauri inaonekana tajiri kuliko ilivyo. Pia ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu (4, 4 na 2) hukokotolewa baada ya kuyaondoa, sawa na mgao wa lazima wa miradi ya maendeleo. Kosa linaloonekana mara nyingi kwenye majedwali ni kupiga asilimia hizo kwenye jumla ghafi, kisha mtu anashangaa hesabu kutofunga.

Vitu viwili vingine vitolewe kabisa. Bakaa ya mwaka uliopita si mapato, ilikwisha hesabiwa ilipokusanywa. Na marejesho ya mikopo ya vikundi hurudi kukopeshwa, hayaji kwenye matumizi ya kawaida.

Mwenendo wa nyuma: rahisi, na Dodoma ndipo unapodanganya zaidi

Unachukua makusanyo ya miaka iliyopita, unakokotoa ukuaji wa wastani, unausogeza mbele. Nusu saa imekwisha kazi. Kwa halmashauri ambayo sheria na viwango vyake vimetulia haina ubaya mkubwa.

Dodoma haijatulia. Tangazo la Serikali kuhamia Dodoma lilitolewa Julai 2016. CDA, mamlaka ya kuendeleza makao makuu, ilivunjwa Mei 2017, na kazi za ardhi zikahamia manispaa, ambayo ikawa jiji Aprili 26, 2018. Mauzo ya viwanja yakapandisha makusanyo kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Lakini kiwanja huuzwa mara moja. Ardhi ikishauzwa, kinachobaki ni kodi ya pango la ardhi, ambayo sehemu kubwa huenda Serikali Kuu, na huduma ambazo mwenye kiwanja atazidai kila mwaka: barabara, taa, uzoaji taka.

Tazama halmashauri ya mfano, takwimu zikiwa za kubuni, kwa bilioni za shilingi:

| | Mwaka 1 | Mwaka 2 | Mwaka 3 | Mwaka 4 | Mwaka 5 |
|---|---|---|---|---|---|
| Viwanja | 2 | 4 | 24 | 14 | 8 |
| Yanayojirudia | 18 | 20 | 22 | 24 | 26 |
| Jumla | 20 | 24 | 46 | 38 | 34 |

Ukianza mwaka 1 hadi wa 5, jumla imekua kwa asilimia 14.2 kwa mwaka. Ukianza mwaka 3, imeshuka kwa asilimia 14 kwa mwaka. Takwimu ni zilezile, halmashauri ni ileile. Mwenye kutaka kuombea mradi atachagua mwanzo wa kwanza, na mwenye kutaka kumwondoa mweka hazina atachagua wa pili. Kwa kasi ya asilimia 14.2, makusanyo ya mwaka yanafika bilioni 128 baada ya miaka 10. Ukichukua yanayojirudia pekee, kasi ni asilimia 9.6 na unafika bilioni 65. Nusu ya fedha imetoweka kwa kuondoa mstari mmoja.

Hata hiyo bilioni 65 si ya kushangilia. Toa mfumuko wa bei, tuseme asilimia 4 kwa mwaka, inabaki bilioni 44 kwa thamani ya leo. Watu nao wanaongezeka. Kwa sensa, wilaya ya Dodoma Mjini ilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012 na 765,179 mwaka 2022, yaani karibu asilimia 6.4 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo idadi hukua mara 1.86 katika miaka 10, wakati mapato halisi yamekua mara 1.69. Kila mkazi atahudumiwa kwa pungufu ya asilimia 9 ya anachopata leo, ingawa taarifa ya makusanyo itaonyesha ongezeko la zaidi ya mara mbili. Mwenendo wa jumla ghafi hauwezi kukuonyesha hilo.

Kuna mtego mwingine usioonekana kwenye jedwali. Mashine za POS na malipo kwa kontroo namba viliziba mianya, na makusanyo yakapanda kwa kasi miaka ya mwanzo. Ukuaji huo una dari. Ulipaji ukitoka asilimia 60 hadi 85 umepata ongezeko la zaidi ya theluthi moja. Hauwezi kutoka 85 hadi 120. Anayeisogeza kasi hiyo mbele miaka 10 anakisia kwamba watu watalipa ushuru wasiodaiwa.

Chanzo kwa chanzo: kazi ndefu inayolipa

Kanuni ni moja: wigo × kiwango × ulipaji. Wigo ni kile kinachotozwa (tani, vibanda, mauzo, leseni), kiwango ni kilichomo kwenye sheria au sheria ndogo, na ulipaji ni sehemu inayofika benki kweli. Kila kimoja kinakuwa na safu yake kwenye jedwali, na kila kimoja kinakisiwa kivyake kwa miaka 10. Usihangaike na vyanzo vyote. Vipange kwa ukubwa, chukua vinavyofanya asilimia 80 ya makusanyo (kwa kawaida havizidi 8), vilivyobaki vikue kwa mfumuko wa bei.

Ushuru wa mazao uonyeshe jinsi inavyofanyika. Tani 30,000 za mahindi zinauzwa nje ya mipaka ya halmashauri, bei ya shambani ni shilingi 600 kwa kilo, thamani ni bilioni 18. Kwa kiwango cha asilimia 2 ni milioni 360. Ulipaji ukiwa asilimia 60, zinaingia milioni 216. Sasa kila swali lina mahali pake. Mvua ikipungua, badilisha tani. Ukiongeza kizuizi cha barabarani, badilisha ulipaji. Bunge likigusa sheria, badilisha kiwango. Hilo la mwisho si la kufikirika: mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mwenye kusafirisha chini ya tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaachwa. Kwa tani zilezile, mahindi peke yake yalipoteza asilimia 60 ya mapato usiku mmoja. Kwenye mstari wa mwenendo jambo hilo linaonekana kama uzembe wa wakusanyaji. Kabla ya kujaza safu ya kiwango, fungua Sheria ya Fedha ya mwaka unaoukadiria, usinakili ya mwaka jana.

Mambo yanayoharibu hesabu ya mazao yanajulikana. La kwanza ni kuchanganya uzalishaji na mauzo: tani zinazovunwa si tani zinazotoka, kwa kuwa kaya hula kwanza. La pili ni kuhesabu mzigo wa wengine. Mahindi mengi yanayouzwa soko la Kibaigwa hutoka nje ya Kongwa, hasa Kiteto. Ushuru wa zao ni wa kule lilikovunwa, Kongwa inabaki na ushuru wa soko. Anayepiga asilimia 2 kwenye kila gunia linaloshushwa Kibaigwa anajiandikia fedha ya Kiteto. La tatu ni bei. Bei ya alizeti ya Kondoa, Chemba na Singida hufuata ushuru wa forodha wa mafuta ya kula yanayoingia nchini; ukishushwa, viwanda vya kukamua hupunguza bei kwa mkulima, na halmashauri inapoteza bila tani hata moja kupungua. Ufuta ukipitia mnada wa stakabadhi ghalani, ulipaji hukaribia kamili kwa sababu ushuru hutolewa kwenye malipo ya mnunuzi. Zao lilelile likiuzwa kwa walanguzi wa kijijini, weka asilimia 50 au chini yake.

Vibanda vya soko na stendi vina tabia nyingine kabisa. Vibanda 500 kwa shilingi 50,000 kwa mwezi ni milioni 300 kwa mwaka, na kwa ulipaji wa asilimia 88 ni milioni 264. Mwaka kesho ni 264. Mwaka wa tano ni 264. Vibanda haviongezeki bila kujengwa, na kodi haipandi bila sheria ndogo kurekebishwa, jambo linalopitia kwa wadau, baraza la madiwani na kibali cha waziri. Chanzo hiki hupanda kama ngazi, si kama mteremko, na kati ya ngazi na ngazi kinaliwa na bei: miaka 10 bila kugusa kiwango, kwa mfumuko wa asilimia 4, milioni 264 zinakuwa na nguvu ya milioni 178 za leo. Kwenye jedwali weka mwaka ambao sheria ndogo itarekebishwa kweli. Kama marekebisho yaliyopita yalichukua miaka 7, usiandike 3 kwa sababu ofisa mpya ana ari.

Ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo bila VAT na ushuru wa bidhaa, hulipwa na wengi lakini hubebwa na wachache: kampuni za simu, benki, vituo vya mafuta, makandarasi. Orodhesha walipaji 20 wakubwa kwa majina na ukisie kila mmoja. Waliobaki weka pamoja. Makandarasi na wazabuni wao watengewe safu ya peke yake yenye mwaka wa kuishia. Ujenzi wa Mji wa Serikali Mtumba, barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3 na kiwanja cha ndege cha Msalato vyote vina tarehe ya kukabidhiwa, na tarehe hiyo ikifika mzunguko wa fedha za saruji, kokoto na mafuta hupungua. Mapato hayo yanarudi kila mwezi kwa miaka minne mitano kisha yanakoma. Kwenye mafungu yale manne yaingie ya mara moja.

Kodi ya majengo ni onyo kwa anayeamini chanzo hakihami. Mwaka 2016 ukusanyaji ulianza kuhamishiwa TRA, Mamlaka ya Mapato. Baadaye ikawa kiwango sawa kwa kila jengo. Tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani ununuzi wa umeme wa malipo ya kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, na mwaka 2023 viwango vikapanda hadi 1,500 na 7,500. Jiji linaweza kupata nyumba elfu 10 mpya na mapato yake ya ndani yasisogee sana kwa sababu ya kodi hiyo. Kwa hiyo ongezeko la majengo katika kata za Dodoma kama Iyumbu au Nala liingie kwenye upande wa matumizi moja kwa moja, na kwenye mapato liingie hasa kupitia vibali vya ujenzi, taka na leseni za biashara.

Rigresheni: kwa wachache

Hapa unatafuta uhusiano kati ya makusanyo na vitu kama mvua, bei au ukubwa wa uchumi, kisha unautumia kukisia. Excel inafanya kwa LINEST, R inafanya vizuri zaidi na ni ya bure. Tatizo ni takwimu. Miaka 7 ni nukta 7, na nukta 7 haziwezi kubeba vigezo vitatu. Ukitumia miezi una nukta 84, lakini lazima uweke kigezo cha msimu, kwani ushuru wa mazao hujaa kuanzia Mei hadi Septemba, na kigezo cha kila mwaka ambao sheria ilivunja mfululizo. Mara unajikuta na vigezo vingi kuliko maarifa.

Na kuna kikwazo kisichotibika kwa programu: ili kukisia ushuru wa 2034 kwa mvua, kwanza ukisie mvua ya 2034. Nyanda kavu za Dodoma hupata milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka katika msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na zinayumba mno. Itumie rigresheni kwa chanzo kimoja chenye takwimu nzuri za kila mwezi, kwa mwaka ujao, hasa kupanga mtiririko wa fedha. Wahitimu wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na Chuo cha Mipango huiweka kwenye andiko kwa sababu inapendeza. Kwa miaka 10, iachwe.

Hali mbadala: pale uhimilivu unapopimwa kweli

Makisio ya chanzo kwa chanzo hukupa mstari mmoja. Hali mbadala hukuuliza mstari huo utabaki wapi mambo yakienda kombo. Tengeneza tatu: ya msingi, ya chini, na ya mshtuko. Ya juu si lazima, kwani hakuna halmashauri iliyofilisika kwa kupata zaidi.

Mishtuko ya kupima katikati ya Tanzania ni minne: ukame, kiwango au chanzo kuondolewa kwa sheria, viwanja kuisha, na ruzuku kuchelewa hadi robo ya nne. Kila mmoja uwe na namba. Ukame usiandikwe "mapato yatapungua". Chukua halmashauri ya vijijini yenye mapato ya milioni 3,000, milioni 900 zikiwa ushuru wa mazao. Tani zinapungua asilimia 40, lakini uhaba unapandisha bei asilimia 25, 0.6 × 1.25 ni 0.75, ushuru unashuka hadi milioni 675. Hasara ni 225, si 360 kama ungeangalia tani peke yake. Mwaka huohuo kiwango kikishushwa kutoka asilimia 3 hadi 2, unabaki na milioni 450. Mishtuko huzidishwa. Anayejumlisha hasara moja moja (225 na 300) anapata 525 na kuwatisha madiwani bure.

Mnada wa mifugo nao una mshangao. Mwaka wa ukame ng'ombe wengi huletwa kuuzwa, na ushuru wa mnada hupanda. Mwaka unaofuata makundi yamepungua na mfugaji anajenga upya, ushuru unaporomoka. Mpwapwa na Bahi wakiona mnada umejaa wakati mahindi yamekauka, wasiandike ongezeko hilo kwenye bajeti ijayo.

Wanaofanya kazi hii kwa utaratibu hawaifanyi yote kila mwaka. Jimbo la Utah, Marekani, huzungusha kwa miaka mitatu: mwaka mmoja bajeti ya muda mrefu, mwingine majaribio ya mshtuko, mwingine uyumbaji wa mapato. Halmashauri yenye watu wawili kwenye kitengo inaweza kuazima mzunguko huo kuliko kujaribu yote na kuacha yote.

Matumizi, ambayo wengi huyapuuza

Majedwali mengi yana safu 40 za mapato na mbili za matumizi: "kawaida" na "maendeleo". Uhimilivu hauonekani hapo. Mishahara ya watumishi wa kudumu hulipwa na Hazina, kwa hiyo itoke kwenye hesabu ya mapato ya ndani, lakini stahiki zao kama uhamisho na likizo huweza kubaki kuwa madeni kwa halmashauri. Tenga matumizi yasiyokwepeka: watumishi wa mkataba, posho za vikao vya madiwani, umeme, maji, mafuta, taka, ulinzi. Kisha ongeza kile ambacho bajeti ya mwaka hukisahau, yaani matengenezo ya mali mpya. Kama huna rekodi, anza na asilimia 2 ya gharama ya jengo kwa mwaka. Kituo cha afya cha milioni 500 kinadai milioni 10. Vituo 10, milioni 100, kila mwaka, hata kama ruzuku ya kuvijenga ilikuja bila masharti.

Rudi kwenye mfano wa mapato yanayojirudia ya bilioni 26. Tuseme matumizi yasiyokwepeka ni bilioni 15, sawa na asilimia 58, na mwongozo wa bajeti unaidai halmashauri ipeleke asilimia 40 kwenye maendeleo. Ina nafasi ya asilimia 2 tu. Matumizi yakikua kwa bei (4) na watu (6.4), yanakua kwa asilimia 10.7 kwa mwaka. Mapato yanakua kwa 9.6. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mwaka wa 5 matumizi yanavuka asilimia 60 na mgao wa maendeleo unaanza kuliwa. Mapato yakikua kwa 7 badala ya 9.6, inavuka mwaka wa 2, na mwaka wa 10 imefika asilimia 81. Kwa baraza la madiwani, mwaka wa kuvuka ndiyo namba ya kuwapelekea. Grafu ya mistari sita hawataisoma.

Kuchagua

Kama swali ni ukomo wa bajeti ya mwaka ujao, mwenendo wa yanayojirudia unatosha, ukikaguliwa na vyanzo vitano vikubwa. Kama ni mpango mkakati wa miaka 5 au kuoanisha na Dira 2050 ya Maendeleo ya Taifa, fanya chanzo kwa chanzo na hali tatu. Kama ni kukopa, hakuna njia ya mkato: chanzo kwa chanzo, majaribio ya mshtuko, na makisio yafike mwisho wa mkopo. Hatifungani ya kijani ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ya mwaka 2024 ni ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5. Mkopeshaji wa muda huo hataridhika na mwenendo wa miaka mitano.

Kwa Jiji la Dodoma uzito wote uwe kwenye kutenga viwanja na makandarasi. Ukikosea hapo, usahihi wa vyanzo vingine hausaidii. Kondoa, Chemba, Kongwa na halmashauri za Singida waweke nguvu kwenye tani, bei na ulipaji wa mazao. Chamwino na Bahi, kama chanzo kimoja hakitawali, wanaweza kuridhika na vyanzo vinane na hali mbili.

Kabla ya kuiamini mbinu yoyote, ijaribu nyuma. Chukua takwimu hadi 2019/20, jifanye huijui miaka iliyofuata, kadiria minne mbele, kisha linganisha na kilichokusanywa. Kokotoa wastani wa kosa kwa asilimia bila kujali alama ya kutoa. Linganisha na makisio ya kivivu: mwaka jana ongeza mfumuko wa bei. Mbinu isiyoyashinda makisio ya kivivu haistahili muda wako, hata kama imechorwa vizuri.

Jambo la mwisho linaharibu kazi nzuri kuliko hesabu mbovu. Halmashauri hupimwa kwa asilimia ya lengo iliyofikiwa, kwa hiyo mkadiriaji anavutwa kushusha. Ngazi ya juu ikitaka lengo kubwa, anavutwa kupandisha. Weka safu mbili kwenye jedwali: makisio, ambayo ni imani yako ya kweli, na lengo, ambalo ni makubaliano. Lengo likipandishwa kwenye kikao, libadilishwe lengo peke yake. Kila Julai, vitabu vikishafungwa, kosa lipimwe dhidi ya makisio, na sababu iandikwe kwenye safu ya chanzo husika: wigo, kiwango au ulipaji.